Jinsi ya kugawa seva moja kuwa tarakilishi kadhaa kwa kutumia flashi

Na MWANDISHI WETU

KATIKA ofisi nyingi za Kitale na Bungoma utapata tarakilishi moja iliyowekwa pembeni mwa chumba, aghalabu chini ya meza, ambayo hakuna anayeruhusiwa kuizima. Hiyo ndiyo seva. Ndani yake mna faili za wagonjwa, karo za wanafunzi, au hesabu za wakulima wanaoleta mahindi, maziwa na miwa.

Mara nyingi mashine hiyo ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, ikasafirishwa kutoka maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na haina mwenziwe. Siku inapokataa kuwaka, kazi husimama na foleni hurefuka hadi langoni.

Makala haya yanaeleza namna ya kuigawa seva ya aina hiyo iwe tarakilishi kadhaa zinazojitegemea, kwa programu isiyolipiwa ambayo huwekwa kutoka kwenye flashi. Yamelengwa kwa fundi, lakini mkuu wa shule au msimamizi wa zahanati akiyasoma atajua la kumwuliza fundi wake kabla hajamlipa.

Programu ya ugawaji hukaa kati ya mtambo wenyewe na mifumo ya uendeshaji kama vile Windows au Linux. Huchukua nguvu za prosesa, kumbukumbu na nafasi ya diski, ikazimega mafungu mafungu. Kila fungu hujiona kuwa tarakilishi kamili yenye diski yake na anwani yake mtandaoni, ilhali chini ya meza kuna sanduku moja tu. Mafungu hayo ndiyo yanayoitwa tarakilishi pepe.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya IBM ilianza kuzigawa tarakilishi zake kubwa miaka ya 1960, na mwaka wa 1972 ikatoa mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1998, ndiyo iliyoufikisha ugawaji huo kwenye mashine za kawaida. Intel ilianza kutia uwezo huo ndani ya prosesa zake mwaka wa 2005, nayo AMD ikafuata mwaka wa 2006. Ndiyo sababu hata tarakilishi ya mezani iliyochakaa kiasi inaweza kazi hii leo.

Flashi nazo ziliingia madukani mwaka wa 2000. Ile iliyouzwa na IBM ilibeba megabaiti 8 pekee, wala haingetosha hata sehemu ndogo ya programu tunayoizungumzia hapa.

Kituo cha afya ndicho mfano unaofaa zaidi kwa eneo hili. Mpango wa AMPATH, ulioasisiwa mjini Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana, ulianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwenye tarakilishi katika kituo cha Mosoriot mwaka wa 2001. Mwezi Februari 2006 mpango huo ulianza kutumia mfumo wa OpenMRS, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Kitale na Webuye ni miongoni mwa miji ambako mpango huo umehudumia wagonjwa.

Mwaka wa 2012 Wizara ya Afya ilianza kusambaza KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS kwa ushirikiano na kitengo cha I-TECH cha Chuo Kikuu cha Washington. Katika miaka michache ulikuwa umewekwa katika vituo zaidi ya 300, magharibi mwa Kenya ikiwa miongoni mwa maeneo hayo.

Jambo la kutilia maanani ni kwamba mfumo huo uliundwa ukae ndani ya kituo chenyewe. Intaneti ikikatika, daktari huendelea kuisoma faili ya mgonjwa kwa sababu seva iko chumba cha pili. Uzuri huo ndio udhaifu wake pia. Seva ikifa bila nakala, historia ya dawa za mgonjwa aliyehudhuria kliniki miaka kumi imekwenda nayo.

Isitoshe, KenyaEMR huendeshwa juu ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ilhali mhasibu wa kituo hichohicho ana programu ya hesabu inayotaka Windows. Fundi hulazimika kununua seva mbili, au kumnyima mmoja wao. Ugawaji huondoa mvutano huo: sanduku moja, tarakilishi pepe mbili, na mhasibu akiharibu Windows yake faili za wagonjwa hazijui lolote.

PROGRAMU IPI?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa ESXi ya VMware, ambayo ilianza kutolewa bure mwaka wa 2008. Mwezi Novemba 2023 kampuni ya Broadcom iliinunua VMware, na mapema mwaka wa 2024 ikaliondoa toleo hilo la bure. Lilirejeshwa mwezi Aprili 2025, lakini wengi waliokuwa wakilitegemea walikuwa wamekwisha kuhama.

Kuna kikwazo kingine kinachowahusu moja kwa moja wanunuzi wa mitumba. ESXi huchagua mitambo. Toleo la 8, lililotoka mwaka wa 2022, liliacha kuzikubali prosesa kadhaa za zamani, na kadi za mtandao za Realtek, ambazo zimejaa katika tarakilishi za bei nafuu, zimekuwa zikiwasumbua mafundi kwa miaka. Programu hufika katikati ya safari, ikatangaza kwamba haioni kadi yoyote ya mtandao, ikasimama papo hapo.

Kwa sababu hizo mwandishi huyu anapendekeza Proxmox VE, programu iliyoanzia mjini Vienna, Austria, na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2008. Imejengwa juu ya Debian, nayo hutumia KVM, sehemu iliyoingizwa ndani ya Linux mwezi Februari 2007. Kwa kuwa ni Linux, huikubali karibu kadi yoyote utakayoikuta mjini Bungoma. Haina ada. Anayetaka msaada wa kampuni hulipia kila mwaka, asiyetaka hutumia bila kulipa.

Kabla ya kuendelea, msomaji atofautishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuweka programu kutoka kwenye flashi ni kuitumia flashi kama gari: hubeba mzigo, huushusha kwenye diski ya seva, kisha huondolewa. Kuweka programu juu ya flashi ni kuiacha flashi ndani ya seva iwe ndiyo diski yenyewe.

Njia hiyo ya pili ilipendwa sana zamani kwa ESXi, kwani programu ilijipakia yote kwenye kumbukumbu wakati wa kuwaka na kuiacha flashi ikipumzika. Toleo la 7 la mwaka wa 2020 lilibadilisha mpangilio huo na kuanza kuandika mara kwa mara kwenye diski ya kuwashia. Flashi hazikuumbwa kwa kazi hiyo, zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Mwaka wa 2021 VMware yenyewe ilitangaza kwamba inaiacha njia hiyo. Proxmox nayo huandika kumbukumbu zake mchana na usiku. Fundi akikwambia ataiacha flashi ndani ya seva yako ili kuokoa bei ya diski, mkatalie.

KUANDAA FLASHI

Flashi ya gigabaiti 4 au 8 yatosha. La muhimu ni iwe ya kweli. Sokoni zipo nyingi zilizoandikwa gigabaiti 64 au 128 ambazo ndani zina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Zimechezewa zitoe taarifa za uongo, na kila kinachozidi kipimo chake halisi hupotea bila onyo. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi na kuisoma tena hadi uongo ujitokeze. Yafaa kuipima kabla hujaondoka mjini, wakati muuzaji bado yupo.

Faili ya Proxmox hupakuliwa kutoka tovuti ya wenyewe, na ukubwa wake unazidi gigabaiti moja. Penye intaneti ya kusuasua faili hufika ikiwa na kasoro isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo tovuti huonyesha alama ya SHA-256, yaani mfululizo wa tarakimu na herufi 64 uliokokotolewa kutokana na faili nzima. Amri ya certutil kwenye Windows, au sha256sum kwenye Linux, hukokotoa alama ya faili uliyoipata. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya.

Faili hiyo hainakiliwi kama picha au wimbo. Huandikwa kwa programu maalumu, mathalan balenaEtcher, ambayo haina maswali mengi. Anayependa Rufus akumbuke mambo mawili: akiulizwa iwapo apakue toleo jingine la GRUB, akatae, na akiulizwa namna ya kuandika, achague ile ya DD. Programu ya UNetbootin, ambayo mafundi wengi waliizoea, haifanyi kazi kwa Proxmox. Kila kilichokuwemo ndani ya flashi kitafutika.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wazoefu. Uandishi ukimalizika, Windows haitaitambua flashi hiyo tena, nayo itatokeza dirisha ikiomba ruhusa ya kuifomati. Bonyeza ndiyo, na kazi yote imeharibika. Lifunge dirisha hilo, uichomoe flashi na kwenda zako kwenye seva.

KWENYE SEVA YENYEWE

Kwanza hakikisha hakuna unachokihitaji kwenye diski za seva hiyo, kwa maana zitafutwa zote utakazozichagua. Faili za zamani zinakiliwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo ifunguliwe kwenye tarakilishi nyingine kuthibitisha kwamba zinasomeka. Nimewasikia mafundi wakisema "nakala ipo" bila kuifungua hata mara moja.

Pili, ingia kwenye BIOS na kuutafuta mpangilio wa ugawaji. Kwenye mitambo ya Intel huitwa VT-x au Intel Virtualization Technology, na kwenye ya AMD huitwa SVM au AMD-V. Tarakilishi nyingi za mezani hutoka kiwandani ukiwa umezimwa. Uwashe na kuuhifadhi.

Kisha chomeka flashi, uwashe mashine, na kuita orodha ya kuwashia. Kitufe chake hutegemea kampuni: F12 kwa tarakilishi nyingi za Dell na Lenovo, F9 kwa za HP, na F11 kwa seva za Dell na HP za miaka ya karibuni. Flashi isipoonekana, ihamishie kwenye tundu jingine, hasa la USB 2.0, kwani mitambo ya zamani haisomi matundu mapya kabla mfumo haujapanda. Ulinzi wa Secure Boot hauna tatizo tangu toleo la 8.1 la Novemba 2023.

Maswali ya programu ni machache. Litakuja la mkataba, kisha la diski. Hapa ndipo pa kusoma mara mbili, kwa kuwa diski huorodheshwa kwa majina mafupi yanayofanana. Zitambue kwa ukubwa wake. Ukiwa na diski mbili zilizo sawa, chagua ZFS ya RAID1, ambayo huziandika zote mbili kwa pamoja kama pacha. Moja ikifa, kazi huendelea kwa nyingine hadi upate ya kubadilisha. Ila kama seva ina kadi yake ya RAID, ZFS haitaki kukaa juu yake. Chagua kimoja kati ya viwili hivyo.

Baadaye utaulizwa nchi na majira. Ukiandika Kenya, saa huwekwa ya Africa/Nairobi. Utaweka nywila, ambayo isiwe jina la kituo, na baruapepe itakayopokea maonyo. Mwisho ni anwani ya mtandao. Seva ipewe anwani isiyobadilika, mathalan 192.168.1.10, iliyo nje ya zile ambazo ruta hugawia simu na vipakatalishi. La sivyo, asubuhi moja simu ya mgeni itachukua anwani ya seva, na kliniki nzima itakosa faili bila mtu kujua sababu.

Kazi ya kunakili huchukua dakika chache. Mashine ikianza kuwaka upya, ondoa flashi isije ikarudia mwanzo. Kwenye skrini yatabaki maandishi meusi-meupe yenye anwani. Hakuna kilichokosewa. Seva hiyo huendeshwa kutoka tarakilishi nyingine yoyote ya ofisini: fungua kivinjari, uandike https, anwani ya seva, na namba 8006 mwishoni. Kivinjari kitaonya kwamba cheti hakijulikani, kwa sababu seva imejitengenezea chenyewe, kubali uendelee. Jina la kuingilia ni root.

Utakaribishwa kila mara na tangazo kwamba huna usajili. Hilo si kosa. Nenda tu kwenye mpangilio wa hazina za programu, uzime ile ya kulipiwa na kuwasha ile isiyo na usajili, ili masasisho ya usalama yaendelee kuingia.

Kwa seva yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu, mgao wa busara ni gigabaiti 2 za Proxmox yenyewe, 6 za Ubuntu ya KenyaEMR, na 6 za Windows ya mhasibu. Mbili zinazosalia ziachiwe ZFS. Anayegawa zote hadi ya mwisho hujikuta na seva nzito kuliko aliyokuwa nayo awali. Ieleweke pia kwamba Windows ya pepe huhitaji leseni sawa na nyingine yoyote.

UMEME NA BETRI YA SARAFU

Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa umeme usiku, na si hiyo pekee. Kukatika kwa muda mfupi ni jambo la kila msimu wa mvua huku magharibi, ambako ngurumo na radi ni nyingi. Kifaa cha UPS si anasa kwa seva iliyogawanywa, kwani ikizimika ghafla tarakilishi pepe zote huzimika pamoja, na hifadhidata ya wagonjwa yaweza kuharibika katikati ya kuandika. Iunganishe UPS na seva kwa waya wa USB na kuweka programu ya NUT, ili seva ijizime kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha.

Lakini kuna kifaa kidogo zaidi kinachosababisha taabu kubwa. Ndani ya kila seva mna betri ya CR2032, mviringo kama sarafu, inayohifadhi mipangilio ya BIOS na saa. Kwenye mashine ya mtumba betri hiyo mara nyingi imekufa. Umeme ukikatika, BIOS husahau kila kitu na kurudia hali ya kiwandani, ambayo kwa mashine nyingi ni ugawaji ukiwa umezimwa. Umeme ukirudi, Proxmox huwaka vizuri kabisa, lakini tarakilishi pepe hukataa kuanza zikisema KVM haipatikani. Fundi huitwa kutoka mbali, wengine huweka programu upya, ilhali dawa ni betri inayouzwa na fundi wa saa mtaani. Ibadilishe siku ya kwanza.

Ukiwa humo ndani ya BIOS, iamuru mashine iwake yenyewe umeme unaporudi. Kisha kwenye Proxmox iwekee kila tarakilishi pepe alama ya kuanza pamoja na seva. Vinginevyo muuguzi atakayefika wa kwanza asubuhi atakuta taa ya seva inawaka lakini faili hazifunguki.

Jambo moja ugawaji hauwezi: haufanyi sanduku moja kuwa mawili. Ukichoma ubao wake mkuu, umechoma kila kilichomo. Kwa maoni yangu kituo chenye fedha kidogo hufanya vyema kununua mashine mbili za wastani kuliko moja kubwa, kila moja ikihifadhi nakala za mwenzake. Proxmox hutengeneza nakala nzima ya tarakilishi pepe usiku watu wakiwa wamelala, na nakala hiyo hufufuliwa kwenye mashine nyingine hata ikiwa ya kampuni tofauti. Shirika lenye ofisi Kitale na Bungoma laweza kubadilishana nakala kwa diski ya nje kila wiki kwa gari linalopita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, bila kutegemea intaneti.

Diski hiyo lazima ifungwe kwa nywila na data yake kusimbwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Diski au flashi yenye majina ya wagonjwa ikipotea njiani, na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwao, kituo kina saa 72 tangu kinapogundua kumwarifu Kamishna wa Data. Kuisahau kwenye kiti cha matatu si kisingizio.

Na ile flashi ya kuwekea programu usiifute ukaibebea nyimbo. Kwenye orodha yake ya mwanzo, chini ya mipangilio ya ziada, mna njia ya uokoaji ambayo huiwasha seva iliyowekwa tayari wakati sehemu yake ya kuwashia imeharibika. Iandike toleo lake na tarehe kwa kalamu, uifunge kwa utepe upande wa nyuma wa seva, na kumwonyesha anayeshika ufunguo wa chumba.